Dokta Sloan wa Diagnosis: Murder: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa Moshi na Arusha

Majibu haya ni kwa ajili ya wanaoitazama tamthilia hii sebuleni, wengi wao usiku baada ya taarifa ya habari. Tumeanza na tamthilia yenyewe, kisha utabibu na sheria, na mwisho mambo ya TV, flashi na tafsiri. Sehemu ya utabibu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: watu wengi huondoka na picha ya Dokta Sloan kichwani wakaenda nayo mpaka mlangoni mwa mochwari.

Tamthilia inahusu nini?

Dokta Mark Sloan ni mkuu wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya kubuni iitwayo Community General, jijini Los Angeles, Marekani. Mwanawe Steve ni luteni wa upelelezi katika polisi wa jiji hilo. Mtu anakufa, kila mmoja anaona ni ajali, ugonjwa au kujiua, lakini Dokta Sloan anakuta kitu kimoja kisichokaa sawa na maelezo. Kuanzia hapo anauliza maswali kama daktari anavyochukua historia ya mgonjwa: ilianza lini, alikula nini, nani alikuwa naye.

Jina lenyewe limechezewa. Kwenye faili la mgonjwa kuna mahali daktari anapoandika ugonjwa alioubaini, ambao kwa Kiingereza huitwa "diagnosis". Hapa ugonjwa ulioandikwa ni mauaji.

Ilirushwa lini, na ina vipindi vingapi?

Ilirushwa na CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia tarehe 29 Oktoba 1993 hadi 11 Mei 2001. Ni misimu 8 yenye vipindi 178. Kila kimoja kina dakika 45 hivi, kwa sababu muda uliobaki wa saa ulikuwa wa matangazo. Ukitazama kimoja kila usiku utakaa nayo karibu miezi sita. Kabla ya mfululizo kulikuwa na filamu tatu za televisheni, mbili za mwaka 1992 na moja ya 1993, na baada yake zikaja mbili mwaka 2002.

Nianzie wapi?

Dokta Sloan alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ndani ya kipindi kimoja cha tamthilia nyingine iitwayo Jake and the Fatman. Ukitaka mpangilio kamili anza na kipindi hicho, kisha filamu tatu, misimu 8, na zile filamu mbili za mwisho. Ila uwe tayari kwa jambo moja: kwenye filamu za mwanzo Dokta Amanda Bentley anaigizwa na Cynthia Gibb, na kwenye mfululizo anaigizwa na Victoria Rowell. Watu wengi hudhani wamewekewa faili lisilo lake.

Kwa mtu mgeni, ushauri wetu ni kuanza msimu wa 3, ukipenda ndipo urudi wa kwanza. Kufikia hapo Dokta Jesse Travis ameshaingia, na wale wanne watakaobaki hadi mwisho wako pamoja. Vipindi vingi vinajitegemea, kwa hiyo hupotezi uzi. Angalia tu vile vyenye sehemu mbili, usije ukalala na muuaji hajakamatwa ukakuta sehemu ya pili haipo kwenye flashi.

Nani ni nani?

Mark Sloan ni Dick Van Dyke. Steve ni Barry Van Dyke. Amanda Bentley ndiye mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza maiti na sampuli. Jack Stewart, aliyeigizwa na Scott Baio, ni daktari kijana wa misimu miwili ya mwanzo, na nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1995 na Jesse Travis, ambaye ni Charlie Schlatter. Norman Briggs, aliyeigizwa na Michael Tucci, ni mtawala wa hospitali, mwenye kuwaza bajeti muda wote. Delores, aliyeigizwa na Delores Hall, ni katibu muhtasi wa Dokta Sloan katika misimu ya mwanzo. Baadaye Steve na Jesse wanashirikiana kuendesha mgahawa wa nyama choma uitwao BBQ Bob's, na mazungumzo mengi ya kesi yanafanyikia humo.

Ni kweli Mark na Steve ni baba na mwana?

Kweli kabisa. Barry ni mtoto wa Dick Van Dyke wa kumzaa. Ndugu wengine wa ukoo huo walipita humo pia: Jerry ambaye ni mdogo wake Dick, Stacy binti yake Dick, na wajukuu. Ndiyo maana yale mazungumzo ya jikoni kati ya Mark na Steve hayana ugumu wa watu waliokariri maneno.

Dick Van Dyke alizaliwa tarehe 13 Desemba 1925. Alianza mfululizo akiwa na miaka 67 na kuumaliza akiwa na 75. Alikuwa tayari mchekeshaji, mwimbaji na mchezaji dansi mkubwa, na ndiyo sababu Dokta Sloan huyu anateleza kwenye korido za hospitali na viatu vya magurudumu.

Kuna mpelelezi wa zamani anaingia katikati ya hadithi. Ni nani?

Ni Joe Mannix, mpelelezi binafsi wa tamthilia ya Mannix iliyorushwa kati ya 1967 na 1975. Mwaka 1997, katika msimu wa 4, Mike Connors alirudi kumwigiza, na hadithi ikaunganishwa na kesi ya kipindi cha zamani cha Mannix kwa kutumia picha zake halisi. Wazo hilo ni zuri sana: mhusika amezeeka kwa kweli, na kesi imezeeka naye. Msimu huohuo Andy Griffith aliingia kama wakili Ben Matlock.

Nawezaje kumjua muuaji kabla ya Dokta Sloan?

Kwanza tambua ni hadithi ya aina gani. Ziko za kumtafuta muuaji, na ziko zinazokuonyesha muuaji tangu dakika za mwanzo, swali likabaki ni kosa gani alilofanya. Hii ya pili usiitazame kwa kubahatisha majina. Tazama mikono ya muuaji wakati wa tukio. Alishika nini, alisogeza nini, aliacha nini kikiwaka au kikiwa kimezimwa. Kosa lake limo humo.

Kwa zile za kumtafuta, chukua daftari na kalamu, chora safu tatu: nani, alisema nini, alisema dakika ya ngapi. Usiandike hisia zako, andika maneno. Wahusika wa tamthilia hii mara nyingi hujikamatisha kwa kutaja jambo ambalo hawakuwa wameambiwa: chumba marehemu alichokutwa, jina la dawa, saa. Ukiwa na daftari unarudi nyuma unahakiki kama polisi walimwambia au la. Bila daftari utabishana na wenzako hadi usiku wa manane.

Pili, zingatia mahali picha inapofifia kuwa nyeusi. Hapo palikuwa pa matangazo ya biashara. Mwandishi alihitaji kitu cha kumfanya mtazamaji asibadilishe chaneli, kwa hiyo jambo zito hukaa sekunde chache kabla ya giza. Jambo jepesi lenye maana kubwa hukaa kwingine, kwenye maongezi ya chakula au ya utani na Norman, mahali ambapo umelegea.

Tatu, mgeni maarufu aliyepewa nafasi ndogo ya kushangaza mtilie shaka. Asingeitwa kwa dakika tatu tu.

Wanaoshindwa mara nyingi hufanya kosa moja: wanatafuta mwenye sababu ya kuua. Sababu wanayo karibu wote, mwandishi amewagawia. Tafuta mwenye nafasi na ujuzi. Nani alijua marehemu anatumia dawa gani? Nani angeweza kuifikia? Hilo swali la pili linawapunguza washukiwa watano kuwa wawili.

Uchunguzi wa maiti unaoonyeshwa ni wa kweli?

Mpangilio wa jumla ni wa kweli: kuangalia mwili kwa nje na nguo zake, kupiga picha, kufungua kifua na tumbo, kupima viungo, kuchukua sampuli. Kinachopotoshwa ni kasi na uhakika.

Mfano mmoja wa jambo dogo ambalo filamu nyingi huliruka ni mahali damu inapochukuliwa. Kwa kipimo cha dawa au sumu, mtaalamu hupendelea damu ya mshipa wa paja kuliko ya moyoni. Baada ya kifo, dawa zilizohifadhiwa kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo huvuja kuingia kwenye damu iliyo karibu, na kipimo cha damu ya moyo kinaweza kuonyesha kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho mtu akiwa hai. Ukiona daktari wa kwenye runinga anachomoa damu popote na kutangaza kuwa kiwango ni cha kuua, jua amepita njia ya mkato.

Jambo jingine ambalo waandishi wa hadithi za madaktari wanalipenda ni insulini. Tamthilia hudai haiachi alama. Mwili unapotengeneza insulini yake wenyewe hutoa pamoja nayo kipande kiitwacho C-peptidi. Insulini ya kiwandani haina kipande hicho. Ikikutwa insulini nyingi na C-peptidi kidogo, maana yake iliingizwa kutoka nje. Kwa hiyo alama ipo, ila lazima kuwe na mtu aliyefikiria kuitafuta mapema, sampuli ikiwa bado nzuri.

Dokta Sloan anasema marehemu alikufa saa tatu na robo usiku. Inawezekana?

Kwa mwili peke yake, hapana. Kinachopatikana ni kipindi cha saa kadhaa, na kadiri muda unavyopita ndivyo kinavyopanuka. Daktari hutumia mambo matatu kwa pamoja. Kukakamaa kwa misuli huanza kuonekana tayani na shingoni saa 2 hadi 4 baada ya kifo, huenea mwili mzima kufikia saa 12 hivi, kisha huachia taratibu baada ya siku moja na kuendelea. Damu hutuama upande wa chini wa mwili na kuacha rangi ya zambarau. Huanza kuonekana ndani ya saa mbili na hukaza baada ya saa 8 hadi 12, kiasi kwamba mwili ukigeuzwa rangi haihami tena. Hiyo ndiyo inayomuumbua mtu aliyehamisha maiti. La tatu ni joto la mwili.

Hapo kwenye joto ndipo tofauti ya Moshi na Arusha inapoingia. Moshi mjini iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Chumba cha Moshi mwezi Februari, nyuzi 30, mwili unapoa polepole sana na kukakamaa kunakwenda haraka. Chumba cha Arusha usiku wa Julai, nyuzi 13, mambo yanageuka. Mwembamba hupoa upesi kuliko mnene, aliye juu ya sakafu ya saruji upesi kuliko aliyejifunika blanketi. Kanuni moja ya nyuzi kadhaa kwa saa haiwezi kutumika kote bila marekebisho.

Saa kamili kwa kawaida hutoka kwingine: simu ya mwisho iliyopigwa, muamala wa pesa kwa simu, kamera ya duka, jirani aliyesikia geti. Tamthilia ni ya miaka ya 1990, kwa hiyo humo utaona mashine ya kurekodi ujumbe wa simu ikifanya kazi hiyo.

Kwa nini Amanda anapata majibu ya sumu mchana uleule, na hapa ndugu wanasubiri wiki?

Kwa sababu kipindi kina dakika 45. Hata Marekani kipimo kamili cha sumu huchukua siku hadi wiki. Mashine haiulizwi "kuna sumu gani". Inapewa kundi la vitu vya kutafuta, na matokeo ya kwanza huthibitishwa kwa njia ya pili kabla ya mtu kuweka sahihi yake.

Kwa Tanzania sampuli za aina hiyo hupelekwa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Sampuli inasafiri ikiwa imefungwa kwa lakiri, imeandikwa namba, na kila anayeipokea anaweka sahihi. Mnyororo huo ukikatika, wakili wa utetezi atauliza nani alikuwa na chupa ile kati ya Jumatatu na Alhamisi, na kielelezo kinaweza kukataliwa. Kwa hiyo mpelelezi anayebeba glasi ya mshukiwa mfukoni, kama inavyotokea kwenye runinga, anaiharibu kesi yake mwenyewe.

Hapa kwetu nani anafanya kazi ya Dokta Bentley, na nani anaamuru?

Amri haitoki kwa daktari. Kifo cha ghafla, cha ukatili au kisichojulikana chanzo huripotiwa polisi, na uchunguzi wake unaongozwa na Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ambapo kazi ya korona, yaani msimamizi wa uchunguzi wa vifo, iko kwa hakimu. Daktari anaombwa rasmi, anachunguza, anajaza ripoti. Mwili unaweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, au KCMC ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Mara nyingi anayefanya uchunguzi ni daktari wa kawaida wa hospitali, kwa sababu mabingwa wa patholojia ni wachache.

Usichanganye na PF3. Hiyo ni fomu ya polisi kwa mtu aliye hai aliyejeruhiwa.

Jambo jingine: baba daktari na mwana mpelelezi kwenye kesi moja, kama Mark na Steve, kungempa wakili wa utetezi kazi rahisi sana. Daktari ni shahidi mtaalamu, na mshtakiwa ana haki ya kuomba aitwe ahojiwe juu ya ripoti yake. Swali la kwanza lingekuwa undugu wao.

Kikitokea kifo cha mashaka nyumbani, familia ifanye nini?

Tunalijibu hili kwa uzito kwa sababu kosa la siku ya kwanza halirekebishiki.

Msiuoshe mwili, msiuvue nguo, msifagie wala kupanga chumba. Ni vigumu, maana heshima ya marehemu kwetu huanza na kumsitiri. Mfunikeni shuka safi, hiyo inatosha. Pigeni 112 au nendeni kituo cha polisi, na mjulisheni mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Vikombe, chupa, pakiti za dawa na matapishi viacheni vilipo, muwaonyeshe polisi wakifika. Andikeni orodha ya dawa zote alizokuwa akitumia marehemu, zikiwamo za mitishamba, pamoja na saa ya mwisho aliyoonekana mzima na nani alimwona.

Halafu liko suala la dawa ya kuhifadhi mwili. Familia nyingi za Kilimanjaro humleta marehemu nyumbani kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi ili azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la familia, na mwili hudungwa fomalini kabla ya safari. Fomalini hubadilisha damu na tishu, huharibu DNA na kuvuruga vipimo vingi vya sumu. Kama kuna mashaka yoyote, semeni kabla ya sindano hiyo, sampuli zichukuliwe kwanza. Ndugu wakianza kunong'onezana kwenye matanga, mwili umeshadungwa na kaburi limeshachimbwa, kinachobaki ni kuomba amri ya kufukua, na hata ikitolewa maabara itapata kidogo.

Kuna vifo vya hewa ya mkaa kwenye hadithi za namna hii. Rangi nyekundu ni kweli?

Ni kweli. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu mahali pa oksijeni na kuipa wekundu wa cheri. Madoa ya damu iliyotuama huwa mekundu angavu badala ya zambarau. Ni moja ya dalili chache ambazo daktari anaweza kuziona kwa macho.

Kwa Arusha na miteremko ya Kilimanjaro hili halihitaji muuaji. Mwezi Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi, bado unatoa hewa hiyo, na haina harufu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja ndiyo ishara. Fungueni milango, watoeni nje, wapelekeni hospitali wapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo hupungua kwa nusu baada ya saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni kamili, kama saa 1. Na msiridhike na kile kipimo cha kubana kidoleni: hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, kitasoma 98 mtu akiwa hatarini.

Watoto wanaweza kutazama?

Damu si nyingi na matusi karibu hayapo, lakini karibu kila hadithi ina mtu anayeuawa. Kuanzia miaka 12, na mtu mzima karibu, ni sawa. Misimu ya baadaye ina milipuko na visasi zaidi kuliko ya mwanzo.

Binti yangu anataka kuwa kama Amanda. Anapitia njia gani?

Sayansi kidato cha tano na sita, mchepuo wenye Fizikia, Kemia na Bayolojia. Shahada ya udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha ubingwa wa patholojia miaka 3 au zaidi. Nchi inawahitaji sana. Mwambieni mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwanapatholojia ni hadubini na vinyama vya wagonjwa walio hai, kupima saratani, si mochwari.

Flashi ya GB ngapi inatosha vipindi vyote?

Kipindi kimoja cha ubora wa 480p ni kama MB 350. Mara 178 ni karibu GB 61 kwa hesabu ya kompyuta. Flashi iliyoandikwa GB 64 kompyuta huisoma kama 59 na ushee, kwa hiyo haitoshi. Wengi hukwama msimu wa 8 ukielekea mwisho. Nunua ya 128, au gawanya kwenye za GB 32, kila moja ikibeba vipindi 80 na kitu.

TV ikikataa kuisoma flashi mpya, tatizo mara nyingi ni mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi. Za GB 64 na zaidi huja na exFAT, na TV nyingi za zamani zinajua FAT32 tu. Ndiyo faida ya flashi za 32: huja tayari na FAT32. Ikisikika sauti bila picha, faili limebanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana video, na TV haina uwezo huo. Tafuta nakala ya H.264. Usilirushe tena kwenye flashi ukidhani lilinakiliwa vibaya.

Picha imekaa katikati, pembeni kuna weusi. TV imeharibika?

Haijaharibika. Tamthilia ilitengenezwa kwa skrini ya 4 kwa 3. Ukibonyeza rimoti ili ijae, kila mtu ananenepa, na ukikuza unakata juu na chini, mahali ambapo wakati mwingine kidokezo kimewekwa.

DVD niliyoletewa kutoka Marekani haichezi.

Diski za Marekani ni za kanda namba 1, Tanzania iko kanda namba 5. Deki inayoheshimu kanda itaikataa. Deki nyingi za bei nafuu madukani zinacheza kanda zote, kwa hiyo nenda na diski yako dukani ijaribiwe kabla hujalipa. Ikicheza lakini picha haina rangi au inaruka, badilisha mfumo wa picha, NTSC au PAL, kwenye mipangilio ya deki.

Manukuu hayaendani na sauti.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea video ya kompyuta, bonyeza G au H. Kila mbonyezo unasogeza manukuu milisekunde 50 nyuma au mbele. Hiyo inatibu tofauti isiyobadilika. Kama mwanzoni yako sawa na mwishoni yameachana karibu dakika 2, kasi ya picha ni tofauti, faili moja ni la fremu 23.976 kwa sekunde na jingine 25. Hapo G na H hazisaidii, tafuta manukuu ya nakala ileile.

Tunamtafsiria bibi kwa mdomo, Kiingereza hajui. Tutumie maneno gani?

Mkuu wa magonjwa ya ndani, si "daktari wa ndani". Amanda ni daktari wa kuchunguza maiti. Cheo cha luteni kwenye polisi yetu hakipo, hivyo mwite Steve Inspekta, bibi ataelewa kazi yake mara moja. Steve akimwita Mark, sema "Baba" au "Mzee", kamwe si "Mark". Muuguzi ni "Sista". Mshukiwa akidai alikuwa mahali pengine, sema hivyohivyo, "anadai hakuwepo". Usimwite mtu adui kabla hadithi haijamtaja, maana kwa bibi neno hilo limeshafunga kesi.

Usitafsiri kila sentensi. Acha utani wa korido upite, lakini saa, majina ya dawa na nani alisema alikuwa wapi vitamke vyote, hata kama vinaonekana havina maana. Picha ikififia kuwa nyeusi, simamisha kwa rimoti, muulize bibi anamshuku nani, kisha endelea.